Mafundo Thelathini na Saba ya Masue

Masue Hirabayashi hakuwa mtu wa kutulia. Ukimkuta ameketi, ujue anaumwa. Katika nyumba ya kuogea ya mzee Tajima, mitaa ya bandarini kule Osaka, alisugua vigae alivyokwisha kuvisugua, akapanga vikapu vya nguo vilivyokuwa vimepangika tayari, akafuta kioo mpaka wateja wakaanza kumtania.

"Dada Masue, hicho kioo kimekukosea nini?"

Alicheka nao, kisha akaendelea kufuta.

Kilichokuwa kikimkimbiza ni mwaka wake wa kuzaliwa. Alizaliwa 1906, mwaka wa Farasi wa Moto katika kalenda yao, ambamo kila mwaka una mnyama wake, nao huu hurudi mara moja tu katika miaka sitini, na mwanamke aliyezaliwa humo, wasemavyo watu, hula waume. Hali kwa meno, anakula kwa nuksi. Upuuzi mtupu, ukiniuliza mimi, lakini kijiji kizima kikiuamini upuuzi, binti wa watu anakosa mume hivihivi. Baba yake alijaribu ujanja waliojaribu wazazi wengi wa mwaka ule: alichelewa kumwandikisha hadi Januari, karatasi zikasema ni Kondoo, mnyama wa mwaka uliofuata. Haya, kijijini Wakayama nani alikuwa akisoma karatasi? Mkunga alijua, majirani walijua, na mke wa fundi paa aliyejifungua wiki ileile alijua kuliko wote. Mchumba wa kwanza alikuja na mshenga, wakanywa chai, wakauliza maswali mawili matatu, wakaaga. Wa pili alifika mpaka hatua ya zawadi za posa, kisha mama yake akanong'onezwa kitu sokoni na habari ikaishia hapo. Masue alipofika miaka ishirini na minne alifunga kifurushi chake akaja Osaka, mji wenye watu wengi na wenye haraka.

Lakini hata Osaka watu huuliza. Hawakuulizi una miaka mingapi, maana hilo si adabu. Wanakuuliza wewe mnyama gani. Masue alijifunza kuinuka kila mazungumzo yalipoanza kuelekea huko. Maji yanachemka. Mtu anagonga mlango. Kuna beseni limeanguka, hamjasikia? Miaka minane aliishi hivyo, hana shoga wa karibu, anakula wali na figili ya chumvi peke yake nyuma ya tanuri la maji moto.

Ndipo chama cha wanawake kilipoingia mtaani kwao.

Kilikuwa kimeanza miaka michache nyuma palepale bandarini, na hakikuanza kwa makubwa. Wanawake wachache walitoka jikoni na mabirika yao kwenda kuwanywesha chai askari waliokuwa wakipanda meli. Walitoka kama walivyo, na aproni zao nyeupe za kupikia. Wakubwa wa jeshi wakaona, wakapenda, wakatia baraka zao, na kabla hujakaa sawa aproni ile ikawa sare ya Dola nzima. Kulikuwa na chama kingine cha zamani, cha mabibi wa hariri, ambao uzalendo wao ulikuwa wa kukaa vitini. Hiki cha aproni kilimpokea yeyote: mke wa daktari, mke wa mpakua mizigo, muuza samaki. Ukishavaa aproni na ukijikatiza ukanda wa chama kifuani, nani atajua kwamba kimono iliyo chini ina viraka?

Na kulikuwa na jambo lisilosemwa kwenye hotuba. Wanawake walipata kutoka. Mtu ambaye hakuweza kwenda hata kwa dada yake bila ruhusa ya mama mkwe, sasa anatundika aproni begani na kusema, "Naenda kumtumikia Mfalme," na mama mkwe anabaki kumeza mate. Mwanzo wa kila mkutano walielekea mashariki, yaliko makao ya Mfalme, wakainama mpaka migongo ikalia. Kisha walinyooka, wakasimuliana umbea hadi basi. Nao uaminifu wao kwa Dola ulikuwa wa kweli, usinielewe vibaya, ila ulikuwa mtamu zaidi nje ya nyumba.

Mwenyekiti wa tawi lao alikuwa mama Chise Okumura, mjane mwenye duka la mwani mkavu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru hata akisema asante. Ndiye aliyemfungia Masue aproni kwa mkono wake mwenyewe siku ya kwanza.

"Una mikono mirefu," alisema. "Inafaa mabirika mawili. Simama hapa kando yangu."

Masue alisimama. Kulia kwake bega la mtu, kushoto bega la mtu, na hakuna aliyesogea pembeni. Jioni ile alilia kidogo nyuma ya tanuri, na hakuona haya.

Mwaka 1938, vita vya China vikiwa havijatimiza mwaka, askari walikuwa wakiondoka kila wiki, na kila mmoja aliondoka na mkanda wake wa mafundo elfu. Ni kitambaa cheupe cha kuzungusha tumboni, kimeshonwa nyuzi nyekundu, mafundo elfu moja, kila fundo na mwanamke wake, ili risasi zimkwepe avaaye. Mama au mke husimama njiani na kitambaa, akiwaomba wapita njia fundo mojamoja. Lakini aliyezaliwa mwaka wa simbamarara ana ruhusa yake. Kwa kuwa mnyama huyo huenda mbali kisha akarudi kwake salama, mwanamke wa mwaka wake anaweza kupiga mafundo kwa hesabu ya miaka yake. Ukimpata wa miaka sitini na mmoja, umeokoka.

Mtaani kwao walikuwa na mmoja wa umri huo, na baridi ya mwaka ule ikamchukua. Wawili vijana walikuwepo, mmoja akaolewa Kobe, mwingine akarudi kwao kujifungua. Basi wakabaki hivyo.

Asubuhi moja, kwenye banda la chai bandarini, mwanamke wa shamba kutoka upande wa Nara aliingia akikimbia, viatu vya mbao mkononi, mkanda umemning'inia shingoni. Mwanawe yuko kwenye mstari wa kupanda meli. Mafundo bado kama hamsini.

"Dada zangu, nisaidieni. Nisaidieni jamani."

Wenye aproni pale walikuwa kumi na watatu. Mmojammoja wakapiga fundo lake, haraka, sindano ikipokezanwa. King'ora cha meli kikalia mara ya kwanza. Yule mama akahesabu yaliyobaki.

"Hakuna simbamarara hapa? Hata mmoja?"

Wote wakatazamana. Masue alikuwa ameshapiga fundo lake, anahamisha vikombe vilivyokuwa havina haja ya kuhamishwa. Aliutazama uso wa yule mama, na mdomo ukamponyoka.

"Mimi," alisema. "Nina thelathini na saba."

Alikuwa na thelathini na tatu, kwa hesabu ya kwao ambayo mtoto huzaliwa tayari ana mwaka mmoja; simbamarara wa kweli alimzidi minne. Akaketi, akapiga mafundo thelathini na saba kwa kasi ambayo hajawahi kushona maishani mwake, na yule mama akaondoka mbio na mkanda uliotimia.

"We shoga," alisema Tsune, mke wa mwenye mashua, mcheshi wa tawi, "simbamarara mzima tunaye, tunamtuma kuosha vikombe. Mbona hukusema siku zote?"

"Hamkuniuliza."

"Na sura yako hiyo changa, mwanahizaya. Thelathini na saba! Maji ya mzee Tajima yana dawa gani? Kesho nahamia humo."

Wakacheka, na Chise akacheka pia, akamtazama Masue kama mtu aliyeokota kitu cha thamani kizingitini kwake.

Kuanzia hapo hakupumua. Walimjia nyumba ya kuogea, wakamjia kituo cha tramu, wakamsubiri nje ya choo. Chise aliandika zamu zake kwenye ubao wa tawi: Hirabayashi, simbamarara, Jumatatu na Alhamisi. Ofisa mmoja alipokuja kuhutubia, Chise alimtambulisha Masue mbele ya wanawake mia mbili, na ofisa akasema mikono ya namna ile ni silaha ya Dola. Masue alisalimiwa njiani. Alipewa tunda la kwanza la msimu. Wajukuu wa watu walimwinamia. Naye alifurahi, tusidanganyane, alifurahi mno. Kisha akirudi nyuma ya tanuri aliitazama mikono yake, akaisugua mpaka ikawa myekundu. Maana yeye mwenyewe aliuamini ule upuuzi. Alilelewa nao. Kila mkanda aliogusa aliuona umebeba nuksi badala ya kinga, na habari za vifo zilipoanza kurudi mtaani alizipokea kama shtaka. Akijaribu kukumbuka amewafungia wangapi alipoteza hesabu, akaamka kusugua vigae.

Mwezi wa tano, karatasi nyekundu ya kuitwa jeshini ikafika duka la mwani. Ilikuwa ya Ryokichi, mwana pekee wa Chise, kijana mrefu wa maneno machache, aliyekuwa akija kuoga saa kumi alasiri na kila mara akisema, "Maji leo mazuri, dada Masue," hata kama hayakuwa mazuri.

Chise alikuja na mkanda mwenyewe. Hakuamuru siku hiyo.

"Wa watu wengine nilikuwa nakuita," alisema. "Huu nimekuletea. Nakuomba."

Masue angesema nini? Alipiga mafundo thelathini na saba katikati kabisa ya kitambaa, mahali pa kitovu, Chise akimshikia ncha. Sindano ilimchoma mara mbili. Chise akampangusa damu kwa kona ya aproni yake, akasema pole.

Siku mbili zilikuwa zimebaki. Siku ya kwanza Masue hakula. Aliweka kuni nyingi kwenye tanuri, maji yakawa ya kubabua, wateja wakalalama. Alijiambia: nikinyamaza, Ryokichi anaondoka na mikono yangu tumboni. Nikisema, naivua aproni, narudi kula peke yangu, na safari hii mtaa mzima utajua kwa nini. Alizunguka nalo hivyo, mlangoni, tanurini, mlangoni tena. Alasiri Ryokichi akaja kuoga mara ya mwisho.

"Maji leo mazuri, dada Masue."

Maji yalikuwa kama supu. Masue akaiacha ndoo katikati ya njia, akaenda moja kwa moja duka la mwani bila hata kubadilisha viatu.

Chise alikuwa ameketi sakafuni akikwangua mwani kwa kisu kipana, nyuzinyuzi nyembamba zikimwangukia mapajani.

"Mama, mimi si simbamarara."

"Nani kakuambia?"

"Mimi ndiye nakuambia. Nilidanganya siku ile ya yule mama wa Nara. Nina thelathini na tatu."

Kisu kikasimama. Chise alihesabu kichwani, na Masue aliona hesabu ikifika mwisho usoni mwake.

"Thelathini na tatu," alisema polepole. "Wewe ni Farasi. Wa Moto."

"Ndiyo."

Chise hakupiga kelele. Aliinuka, akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na mkanda na mkasi mdogo. Masue aliponyoosha mkono kusaidia, alizuiwa.

"Usiuguse."

Akaketi mwangani, akaanza kuyafumua. Fundo moja, kata, vuta uzi. Fundo la pili. Aliyajua yalipoanza na yalipoishia. Nyuzi nyekundu zikakusanyika juu ya mwani. Masue alipiga magoti pale kizingitini akitazama kazi yake ikiondolewa, na pamoja na aibu yote alihisi ametua mzigo. Amesema. Sasa na lije lijalo.

"Nani mwingine anajua?" Chise aliuliza bila kuinua kichwa.

"Hakuna."

"Basi asiwepo mwingine."

"Na wale walioshaondoka na mikanda yangu?"

"Wameondoka. Utawaandikia barua wavue? Utamwandikia nani, huko China, mtaa gani?"

Mkasi ukaendelea.

"Kesho saa tatu asubuhi, kituo cha tramu," Chise alisema. "Kuna bibi anatoka ng'ambo ya mfereji. Nimeshamwambia upo. Ijumaa wako wengine wanne."

Masue alidhani hakusikia vizuri.

"Mama, siwezi tena."

"Wiki iliyopita uliweza."

"Wiki iliyopita hukujua."

"Na wao hawajui. Sikiliza, Masue. Tawi hili lina wanawake mia nne. Wewe ukitamka neno hili nje, kila mama atarudi nyumbani akifikiria tumbo la mwanawe. Hawatapika, hawatakuja bandarini. Watasema chama kiliwaletea balaa kwa mkono wake. Unataka hivyo? Ndivyo unavyomtumikia Mfalme?"

"Lakini wa kwako unaufumua."

Hapo mkasi ulisimama kidogo.

"Mimi ni mama yake," alisema Chise.

"Na hao wengine ni nani?"

Chise alikata fundo lililofuata. Alipomaliza yote alikung'uta kitambaa nje ya dirisha, akakikunja, akakiweka mbali upande wa pili wa chumba.

"Na aproni?" Masue aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka akaichukia.

"Aproni ni yako. Nani amesema uivue?"

Na hili ndilo lililomtesa Masue miaka yote iliyobaki, kuliko uongo wenyewe. Alipokuwa akirudi njiani na furushi la mwani alilopewa bila kuliomba, alijua analofanyiwa si haki, na analoambiwa afanyie watu si haki zaidi. Lakini miguu yake ilikuwa myepesi. Hakufukuzwa. Kesho atasimama bega kwa bega na wenziwe, na Tsune atamtania. Alifurahi, na furaha ile ilimkirihi, na hakuweza kuizima.

Saa tatu asubuhi kituo cha tramu kilikuwa na watu wengi. Mwisho wa ukuta, upande wa pili wa reli, alisimama mama Chise Okumura na mkanda wake wenye pengo katikati. Mwenyekiti mzima, anamwinamia kila mwanamke anayeshuka.

"Fundo moja tafadhali. Moja tu. Anaondoka kesho. Samahani sana, fundo moja."

Wanafunzi wa kike, wauza mboga, mama mmoja na mtoto mgongoni. Wote alikuwa akiwauliza kwanza, kwa sauti ya chini, wamezaliwa mwaka gani.

Bibi wa ng'ambo ya mfereji alikuwa mfupi, amekuja kwa miguu, kijasho kinamtoka. Alimwinamia Masue mpaka kichwa kikakaribia magoti.

"Wewe ndiye simbamarara?"

Masue alitazama ng'ambo ya reli. Chise alikuwa ameinua kichwa, anawatazama wote wawili.

"Ndiyo mimi, mama."

"Afadhali. Huyu ni wa tatu kuitwa nyumbani kwangu. Wawili wameshaenda. Nimekuwa njiani siku nne na hiki kitambaa, miguu hii sina tena."

Wakaketi kwenye benchi. Masue akapokea sindano, akaanza. Tramu ilikuja, ikaondoka. Bibi aliinama karibu, midomo ikimchezacheza, anahesabu pamoja naye bila sauti. Masue alishona polepole safari hii, kila fundo akilivuta mpaka likakaza, na alipofika thelathini na tatu alisimama. Hiyo ilikuwa miaka yake ya kweli. Hakuwa na nguvu ya kusema kitu, ila alidhani angalau anaweza kukomea hapo. Akakata uzi, akamrudishia kitambaa.

Bibi hakukipokea. Alipitisha kidole juu ya mafundo, kutoka la kwanza hadi la mwisho, mara mbili.

"Dada," alisema kwa upole, kama anayeona haya kuomba zaidi, "niliambiwa wewe ni wa thelathini na saba. Bado manne."

Akatunga uzi mwingine mwenyewe, akampa sindano. Masue akaipokea, akayapiga yote manne.